Nilimwambia Wifi Asichemshe Maji

Nimekosa. Naliandika neno hilo kabla ya jingine lolote kwa sababu najijua: nikianza na maelezo sitafika. Mimi ni mtu wa maelezo. Nikipewa nafasi nitakupa sababu nzuri za kila kitu, na ukimaliza kunisikiliza utadhani mimi ndiye niliyeonewa.

Sikuonewa. Nilimdanganya mtu aliyeniamini, na alipoumia nikamkana mbele ya watu. Jina langu silitaji. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mtoto, ambaye siku moja atajua kusoma.

Basi nisikilize, mwenzangu, na usiwe na haraka ya kunihurumia.

Nimemaliza chuo hapa Dodoma. Mimi ni yule msichana anayerudi mlangoni kuhakikisha amefunga, halafu akifika barabarani anajiuliza kama alipokuwa anahakikisha hakufungua. Mtu akinijibu "sawa" tu kwenye simu, nashinda siku nzima nikiwaza nimemkosea nini. Nawaza kupita kiasi, kila mtu nyumbani anajua. Na ndiyo sababu najichukia. Mtu anayewaza hivyo hawezi kusema hakujua!

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa wa kusafisha maji. Kuna unga mweupe wa titani, ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta ziwe nyeupe. Ukitengenezwa kwa chembe ndogo mno, ndogo hata darubini ya kawaida haizioni, unapata tabia ya ajabu: ukipigwa na mwanga unaamka na kuua bakteria walio karibu. Ila unataka jua kali. Kwa hiyo watafiti huuchanganya na madini mengine kidogo, uamke kwa wepesi zaidi. Mimi niliuchanganya na madini ya fedha, hii fedha ya kutengenezea pete. Nikapaka mchanganyiko huo kwenye vigae vidogo vya udongo, nikavichoma kwenye tanuri. Unavitia kwenye ndoo ya maji inayopitisha mwanga, unaiacha juani, baadaye unakunywa. Hakuna kuni, hakuna mkaa.

Nikavipima. Visahani vya kuoteshea bakteria vilivyokaa kwenye mwanga vilitoka safi kabisa. Nilipiga kigelegele peke yangu maabara! Kisha nikafungua vile vya gizani, nilivyokuwa nimevifunga kwa foili, ambavyo vilitakiwa kuwa vimejaa bakteria.

Navyo vilikuwa safi.

Hapo mtu mkweli angekaa chini. Kama bakteria wanakufa hata gizani, basi anayewaua si mwanga. Ni ile fedha, inayeyuka kidogo kidogo kutoka kwenye kigae na kuingia kwenye maji. Na kinachoyeyuka ama kitakwisha, ama kitakamatwa na kitu kingine humo humo majini. Nililiona hilo. Wallahi nililiona! Lakini nikawaza tena, na tena, mpaka nikafika mahali panaponipendeza: kumbe vigae vyangu ni bora kuliko nilivyotarajia, vinafanya kazi hata gizani.

Halafu yakaja maji ya kisima. Vipimo vyote hivyo nilivifanya kwa maji ya maabara, yaliyochujwa hadi hayana chochote. Mwalimu wangu, aliyekuwa akisimamia mradi, aliniagiza nirudie kwa maji ya kawaida ya huku. Wewe uliyewahi kuishi Dodoma unayajua. Yana chumvi. Sabuni inagoma kutoa povu, chai ina ladha nyingine chini ya ladha ya chai, sufuria inashika ukoko mweupe. Nimeoga maji hayo tangu utotoni. Na chumvi ikikutana na fedha ndani ya maji, vinashikana, fedha inakuwa vumbi lisilo na kazi. Hilo tulifundishwa sekondari, wala si chuoni.

Kisahani cha maji ya kisima kilijaa madoa ya bakteria kama upele.

Unajua nilifanya nini? Niliwaza. Labda nimekigusa na kidole. Labda glavu ilikuwa na tundu. Labda umeme ulipokatika kabati la joto la kuoteshea bakteria lilipoa. Labda kisima chenyewe kilikuwa kichafu kupita kawaida. Nikawaza hadi kosa likawa la kila mtu isipokuwa la vigae vyangu, na kisahani nikakitupa.

"Maji ya kisima umepima?" mwalimu aliniuliza tulipopishana koridoni.

"Nimepima, mwalimu."

"Vipi?"

"Yanaelekea vizuri."

"Safi sana. Sasa tafuta hata picha moja ya mwananchi akiyatumia maji hayo. Uwasilishaji wako utakaa vizuri."

Maneno yake yalikuwa ya kawaida tu, ya kunitia moyo. Mimi nikayageuza kuwa safari ya Bahi.

Bahi ndiko alikokuwa akiishi wifi yangu, Mwanaidi, mke wa kaka yangu Salimu. Kaka ananunua mahindi Kibaigwa, anashinda huko na madalali na malori. Mkewe alibaki Bahi kwenye majaruba yao ya mpunga, na mtoto wao Nasri aliyekuwa ndiyo kwanza anakimbia kimbia. Sisi kwetu asili ni Kondoa, na Mwanaidi naye ni wa huko huko. Aliishia darasa la saba. Kwa mdomo, hakuna profesa anayemweza.

"Karibu, msomi!" alinipokea, macho mekundu kwa moshi. Ilikuwa wakati wa mvua, kuni mbichi zinalia jikoni. "Umekuja kutufundisha kunywa maji? Huku tunajua, tunafungua mdomo tu."

Nilimwonyesha vigae. Akakishika kimoja, akakinusa.

"Hivi ndivyo vinachemsha?"

"Havichemshi, wifi. Vinaua vijidudu."

"Bila moto?"

"Bila moto."

"Na wewe ulikuwa wapi siku zote hizo, macho yangu yanaisha hapa?"

Nikamwambia ndoo ikae juani.

"Juani? Jua la Bahi hili? Maji yatakuwa ya kumkanda mzazi, nani atayanywa? Na mbuzi wa jirani nao watakuja kusomea sayansi yako."

Tulicheka sana. Hata sasa nikikumbuka kicheko kile moyo unaniuma, kwa sababu nilikuwa na furaha ya kweli. Nikamwambia, "Basi iweke ndani, penye baridi. Hata gizani vinafanya kazi."

Akaacha kucheka. Akanitazama sawasawa.

"Na mtoto je? Naye anywe tu hivi hivi?"

Mwenzangu, pale pale nilikiona kile kisahani. Nilikiona mbele ya macho yangu, madoa na yote! Ningeweza kusema: huyo mchemshie. Lakini ningesema hivyo angeniuliza kwa nini, na mimi simu nilikuwa nimeishaishika tayari kupiga picha.

"Anywe tu," nikasema.

Nikampiga picha amemshikia Nasri kikombe mdomoni, maji yanamchuruzika mtoto kidevuni, wote wawili wanacheka. Picha ile niliiweka kubwa kwenye bango langu. Watu walipiga makofi. Mgeni mmoja alisema hii ndiyo elimu inayorudi kwa wananchi. Bango likatundikwa koridoni chuoni, nami nikawa napita pale hata siku ambazo sikuwa na shida ya kupita.

Nasri alianza na homa. Wakampa dawa ya malaria. Homa haikushuka, tumbo likamvimba, akawa halii tena, anaguna tu kama mzee. Kituo cha afya wakampa rufaa, akaletwa Dodoma mjini. Taifodi, daktari akasema, na imekaa mwilini siku nyingi.

"Mtoto huyu anakunywa maji gani?" aliuliza.

Mwanaidi alinigeukia. Hakunigeukia kwa ubaya. Alinigeukia kama unavyomgeukia mtu anayejua lugha ya daktari.

"Maji ya vigae, daktari. Wifi atakueleza."

Daktari akanisubiri. Nikainama kumfunika mtoto shuka.

Mungu alimrudisha Nasri. Alitoka hospitali amebaki macho na mbavu, lakini alitoka. Nilidhani yamekwisha. Niliwaza, tazama tena nilivyowaza, kwamba kwa kuwa amepona hakuna haja ya kumsumbua mtu kwa maelezo.

Mama yangu hakuwaza hivyo. Aliita kikao nyumbani kwetu Makole, hapa Dodoma mjini. Baba mkubwa alikuja kutoka Kondoa. Salimu alikuja na vumbi la mahindi kwenye viatu. Mwanaidi alikaa mkekani karibu na mlango, mtoto mapajani.

"Nilikwenda Bahi kumchukulia mjukuu wangu nguo," mama alisema. "Sufuria ya kuchemshia maji nimeikuta imetundikwa ukutani. Imesuguliwa, inang'aa kama kioo. Ukoko hakuna! Kwa maji yetu haya, mwanamke anayechemsha maji sufuria yake inang'aa?"

"Mama, kweli sikuwa nachemsha," Mwanaidi alisema. "Wifi aliniambia niache. Si huyo hapo, muulizeni."

Wakanigeukia wote.

"Ulimwambia?" Salimu aliuliza.

Nimeirudia dakika ile kichwani mara nyingi kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Niliwaza cheti. Niliwaza bango. Niliwaza mwalimu wangu akisoma habari zangu. Kote huko nilifika, jamani, na mtu aliyekaa mkekani mbele yangu sikumfikia.

"Nilimwambia achemshe kwanza, ndipo atie vigae," nikasema. "Labda hakunielewa."

Labda hakunielewa! Uongo mtupu ungekuwa afadhali. Mimi nilichagua ule unaosimama juu ya darasa la saba la mwenzangu.

"Umeona?" mama akasema. "Mtu kasoma mpaka chuo kikuu, atamwambia mwenzake asichemshe maji? Uvivu tu huo. Uvivu na uchafu."

Baba mkubwa alitikisa kichwa. Salimu akamwambia mkewe neno hilo hilo la pili, la uchafu. Mwanaidi hakujitetea. Alinitazama kama mtu aliyesikia kishindo na anatafuta kimetokea upande gani.

"Wifi," alisema. Basi.

Akapelekwa Kondoa, kwao, "akapumzike." Sote tunajua maana ya kupumzika huko. Salimu akasema hata mbele ya mama mkwe wake kwamba hawezi kumwachia mtoto mtu asiyejua usafi. Nasri akabaki Makole kwa bibi yake, katika nyumba ninayolala mimi.

Sijui nikuelezeje maisha yale. Geti likigongwa, mtoto anakimbia. Anaona ni muuza maandazi, anarudi, anakaa chini bila kulia. Angelia ningepata nafuu. Nikimwogesha ananiuliza, "Shangazi, mama?" Namwambia yuko safari. Namsugua mgongo, namwambia yuko safari.

Nilishindwa kula. Nikachota maji Bahi kwenye kisima kile kile, nikaenda kumwomba mtu wa maabara nafasi, nikarudia vipimo kwa vigae vile vile vya Mwanaidi. Safari hii nilibadilisha glavu kila mara. Umeme haukukatika. Visahani vyote vikaota, vya gizani na hata vya kwenye mwanga. Nikakaa nimevikodolea macho. Sikuwa tena na "labda" hata moja.

Nikamwendea mama. Alikuwa anachagua mchele uani. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi iishie hapa."

"Mama, Mwanaidi yuko kule kwa ajili—"

"Mwanaidi ni mzuri, ataolewa tena. Wewe jina lako likichafuka, utasoma upya?" Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Unadhani siku ile sikukuona ulivyomeza mate? Nimekuzaa mimi."

Yarabi! Kumbe alijua. Aliujua uongo wangu kikaoni na akaujengea ukuta kwa mikono yake. Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo, nikaondoka na wa watu wawili.

Wiki hiyo hiyo nikamsikia akiongea na kaka kwenye simu: kuna binti wa jamaa zetu, ametulia, anafaa. Na Salimu akakubali kwamba Ijumaa ikipita ataenda Kondoa kumaliza mambo na Mwanaidi. Talaka, yaani.

Nikapanda gari kwenda Kibaigwa.

Nilimkuta sokoni, amesimama juu ya magunia anabishana na dereva wa lori. Aliponiona akaruka chini. "Nasri?" ndilo neno lake la kwanza.

"Nasri mzima. Kaka, nilimwambia asichemshe."

"Nini?"

"Mwanaidi. Nilimwambia asichemshe maji. Aliniuliza kabisa, na mtoto je? Nikamwambia anywe tu. Na nilikuwa najua vigae vimeshindwa kwenye maji ya kisima."

Dereva alikuwa bado anaongea nyuma yetu. Wapakiaji wanapita na magunia, wanatupigia kelele tupishe njia. Salimu alivua kofia yake, akakaa kwenye gunia. Nilitamani anipige. Hakunipiga.

"Nilimwita mchafu," alisema. "Mbele ya mama yake mzazi. Nilimwita mchafu."

"Kaka, nisamehe."

"Toka hapa."

Alikwenda Kondoa, lakini alikwenda kuomba msamaha. Alirudi peke yake. Baada ya siku chache Mwanaidi alikuja mwenyewe Makole, amefuatana na kaka yake mkubwa. Mama alijifungia chumbani, akasema kichwa kinamuuma. Salimu alisimama uani kama mgeni.

"Nimemfuata mwanangu," Mwanaidi alisema.

"Mke wangu, nimekosa. Nilidanganywa."

"Ulidanganywa kwa sababu ulimuuliza yeye. Mimi siku ile hukuniuliza kitu, Salimu."

Nasri alikuwa amekwisha kumganda mama yake miguuni, amejificha ndani ya khanga yake, hatoki. Mimi nilipiga magoti pale uani nikamwomba Mwanaidi msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Alisema tu, "Nimesikia." Na kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikafanya linalofanywa mgeni akija: nikaenda kuleta maji.

Siku hizi nachemsha maji kama mwendawazimu. Yanatokota, nayaacha yatokote tena, nayachuja, nayafunika. Nikamletea yeye kikombe, na kaka yake, na Nasri kikombe chake kidogo cha bluu. Mtoto akanyoosha mkono.

Mwanaidi akakizuia kikombe kwa kiganja, taratibu.

"Ngoja, baba." Akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji aliyokuja nayo kutoka Kondoa, akamnywesha.

"Wifi, haya yamechemshwa," nilisema. "Nimeyachemsha mwenyewe."

Alifunga kifuniko cha chupa. Akanitazama kwa macho yale yale ya siku ya kikao.

"Labda," alisema. "Si unajua mimi huwa sielewi."

Wakaondoka. Nasri alinipungia mkono begani kwa mama yake. Hajui kitu.

Kaka hanisemeshi. Anakwenda Kondoa kila anapopata nafasi, anarudi peke yake. Mama ananisemesha, lakini kama mtu niliyemwibia. Nilimweleza mwalimu wangu ukweli. Akaniambia niandike upya kila kitu na kile kisahani kilichotupwa kiwemo. Akaongeza kwamba kisahani kile kingekuwa matokeo mazuri tu, kwamba watu wanahitaji kujua chembe hizi zinashindwa wapi. Matokeo mazuri! Ningelijua hilo mapema! Au nilijua? Sijui tena ninachojua. Bango wameliondoa. Ukuta umebaki na alama nyeupe mahali lilipokuwa, na mimi siku hizi napitia mlango wa nyuma.

Wewe uliyesoma, ambaye kwenu wakikuona wanasema msomi amekuja, nakuomba. Usipeleke kwa watu wako kitu ulichokiona kikishindwa, ukakipamba kwa "labda". Na kama umekwishakipeleka, rudi leo, useme, kabla hawajaita kikao. Mtu wa kwenu hana maabara. Maabara yake ni wewe. Atakuuliza swali moja tu, kwa adabu, na atafanya utakavyosema.

Mimi niliulizwa, na mtoto je?

Nilikuwa na jibu. Nikasema anywe tu.